Chupa ya Mchanga: Mchezo wa Safari na Haraka ya Mwalimu

Katika makala haya nakusudia kueleza kosa nililolitenda katika darasa la tano, katika shule ya msingi moja hapa Kihonda, nilipojaribu kufundisha Hisabati kwa njia ya mchezo. Nalieleza kwa urefu kwa sababu wanachuo wanaokuja kwetu kwa mazoezi ya kufundisha huja na michezo ya namna hiyohiyo katika maandalio yao ya masomo, na karibu kila andalio huwa na mstari usemao kwamba wanafunzi watashindana kwa dakika tano, bila neno hata moja la kueleza dakika hizo tano zina kazi gani.

Mchezo wenyewe niliutunga mimi. Niliuita Safari ya Maji. Watoto 63 waligawanywa katika makundi tisa ya watoto saba saba, na kila mtoto akapewa nafasi ya kuigiza: kiongozi wa safari, mtunza chakula, mwandishi, mpiga upinde, mganga, mchukua kamba na mbeba kibuyu. Hadithi ilikuwa kwamba nyoka mkubwa amejilaza penye chemchemi juu ya mlima Lupanga, ule tunaouona kila asubuhi upande wa kusini kutoka uwanja wa shule, na mito yote imekauka. Nyoka amelala usingizi. Kundi litapanda, litateka maji, na kurudi Kihonda kabla hajaamka. (Sikumpa nyoka jina. Jina la Kolelo ni la tangu kale katika milima ya Uluguru, nalo limeandikwa hata katika historia ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907; wapo wazee ambao hawangependa kusikia wajukuu wao wakimchezea kwa vizibo vya soda.)

Ramani niliichora kwenye viroba vilivyopasuliwa. Kila kundi lilipewa kunde 24 kuwa chakula cha safari. Njia zilikuwa mbili. Njia fupi ilikuwa na vituo vitano, lakini kwa ajili ya mwinuko kila kituo kilikula kunde nne. Njia ndefu ilizunguka mlima kwa vituo tisa, na kila kituo kilikula kunde mbili. Safari ya kurudi, kwa njia yoyote, ilihitaji kunde sita. Katika kila kituo palikuwa na swali moja la Hisabati ambalo hapana budi lijibiwe na kuandikwa ndipo kizibo kisogezwe mbele. Mwanachuo msomaji ameshaona jibu. Njia fupi hula kunde 20, zikabaki nne, nazo hazitoshi kurudi. Njia ndefu hula kunde 18, zikabaki sita kamili. Nilitaka watoto wagundue wenyewe, kwa kuhesabu kabla ya kwenda, kwamba ufupi wa njia si nafuu ya safari. Mpaka hapo naamini bado kwamba mchezo ulikuwa mzuri.

Kosa lilikuwa katika saa. Nilichukua chupa mbili za plastiki, nikatoboa vizibo vyake kwa msumari wa moto, nikaviunganisha, nikatia mchanga uliochekechwa. Mchanga ulishuka wote kwa dakika sita. Ukiisha, nyoka ameamka, na kundi ambalo halijafika kileleni limemezwa. Nilikuwa nimeujaribu mchezo nyumbani, mezani kwangu, peke yangu, nikiyajua majibu yote, nikamaliza njia ndefu na mchanga ungali umebaki. Nikaridhika.

Siku ya kwanza makundi sita yalichukua njia fupi, na manne kati ya hayo yakafika kileleni kabla ya mchanga kwisha. Makundi matatu yalichukua njia ndefu. Yote matatu yalimezwa, moja likiwa kituo cha saba. Kelele zilikuwa kubwa, nami nilidhani ni kelele za furaha. Niliyapigia makofi yale makundi manne. Mvulana mmoja wa kundi lililomezwa alikikunja kiroba chake chenye ramani, akakikalia, asitake kukitoa. Nilimkaripia kwa utovu wa nidhamu. Katika kundi jingine alikuwamo msichana mtunza chakula, mtoto mtulivu ambaye huhesabu kwa kugusisha kidole mezani. Yeye hakulia wala hakununa. Aliniambia tu, "Mwalimu, njia yetu ndiyo yenyewe, ila mchanga ndio hautaki."

Niliyasikia maneno hayo na sikuyasikiliza.

Juma lililofuata tulicheza tena kwa masharti yaleyale. Safari hii makundi yote tisa yalichukua njia fupi, na manane yakafika kwa wakati. Nilifurahi sana, niliandika katika daftari langu la tathmini kwamba darasa limepata maendeleo makubwa. Usiku, nilipozisahihisha karatasi za waandishi, niliona kwamba hapana kundi hata moja lililoandika hesabu ya kurudi. Kabla ya hapo watatu walikuwa wameiandika, tena sawasawa. Kesho yake nilimwita yule msichana, nikamwuliza kwa nini kundi lake limeiacha njia waliyoijua. Akajibu, bila ya ufidhuli wowote, "Kwa sababu ile ndiyo unayoipigia makofi, Mwalimu."

Ndipo nilipoketi na kufanya hesabu ambayo ningaliifanya tangu mwanzo. Kundi la watoto saba huhitaji karibu dakika moja kulisoma swali, kubishana, kulijibu na kuliandika. Vituo vitano ni dakika tano. Vituo tisa ni dakika tisa. Chupa yangu ilikuwa ya dakika sita. Yaani kundi lililofikiri vizuri halikuwa na namna yoyote ya kushinda. Kanuni moja ya mchezo ilisema fikiri, na kanuni ya pili ikamwadhibu aliyefikiri. Na watoto, ambao ni wepisi kutambua ni kanuni ipi mwalimu anaiamini kwa dhati, walichagua ya pili. Makundi yote niliyoyapigia makofi yalikuwa yamefika kileleni na kunde nne mkononi. Yangekufa njaa njiani.

Siku hizo mpwa wangu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, alikuwa akikaa kwangu mwisho wa juma, na sisi Waluguru mjomba hana mlango wa kumfungia mtoto wa dada yake. Alikuwa akicheza katika kompyuta mchezo uitwao Pathfinder: Kingmaker, uliotoka mwaka 2018. Ni mchezo wa kuigiza wa nchi ya kubuni, wenye mazimwi na wachawi, ambao mchezaji huanza hana ardhi, kisha hupewa siku 90 za humo mchezoni kumshinda mkuu mmoja wa majambazi. Akifaulu hupewa eneo la kutawala. Jioni moja niliona ameifunga kompyuta kwa kishindo. Siku zilikuwa zimemwishia, na ilimpasa arudi mahali alipokuwa ameuhifadhi mchezo zamani, aifanye upya kazi ya saa nyingi.

Nilimcheka, kisha nikamwuliza ni nini hasa kilichomkasirisha, maana kushindwa ni sehemu ya mchezo wowote. Akasema, "Mjomba, kushindwa si neno. Nilikuwa nikipumzisha watu wangu kila wakichoka, nikiona ni busara, kumbe kila usiku wa mapumziko unakula siku. Kutembea nako kunakula siku. Mchezo umenipa nchi kubwa ili niitembee, halafu unaniadhibu kwa kuitembea." Akaniambia kwamba si yeye peke yake, wachezaji wengi wa mchezo huo waliyalalamikia masharti yake ya muda. Wengine husema bila ya muda huo hapana hatari, na pasipo hatari hapana mchezo. Hao nao wana haki yao, kama nitakavyoonyesha.

Mtu mzima akikasirishwa na saa huifunga kompyuta akaenda kunywa chai. Mtoto wa miaka 11 hana pa kwenda. Yumo darasani mpaka kengele, na aliyeishika chupa ni mtu yuleyule atakayemwandikia ripoti. Kwa hiyo hasira yake huchukua mojawapo ya sura mbili nilizoziona kwa macho yangu: hukalia ramani, ama hujifunza kukupendeza. Ya kwanza tunaiadhibu. Ya pili tunaiandikia alama nzuri, nayo ndiyo mbaya zaidi.

Baada ya hayo niliiondoa chupa kabisa. Haikufaa. Makundi mawili yalitumia kipindi chote cha dakika 40 katika kituo cha tatu. Katika kundi moja mtoto mmoja hodari alicheza nafasi zote saba, wenzake wakipanga vizibo kwa rangi. Mpiga upinde akalala. Hadithi ya nyoka ilikufa, kwa kuwa nyoka asiyeamka kamwe ni sawa na gogo. Niliona wazi kwamba wale wasemao pasipo muda hapana mchezo hawasemi upuuzi.

Nikaanza kuchunguza jinsi michezo ya kufikiri ya watu wazima inavyoutendea muda. Katika bao, ambalo Mwalimu Nyerere alilipenda sana, hapana saa. Mchezaji wa bao la kiswahili huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, naye mpinzani wake vivyo hivyo, zikawa jumla 64 kwa mashimo 32. Na akifikiri mno, watazamaji barazani humhimiza kwa utani mpaka aone haya. Muda wa bao umo midomoni mwa watu. Humwonea subira mzee na mwanafunzi, na humharakisha ajuaye. Darasa halina baraza ya namna hiyo, ingawa ningependa tuwe nayo.

Sataranji, ambayo vijana huiita chesi, ilichukua njia nyingine. Zamani mchezaji aliweza kukaa muda mrefu mno bila kusogeza kitu, na mpinzani akachoka kabla ya kushindwa. Katika mashindano ya London ya mwaka 1862 zilitumika saa za mchanga, kama chupa yangu. Katika mashindano ya huko huko ya mwaka 1883 zikatumika saa mbili zilizounganishwa, ya mmoja ikienda ya mwenzake husimama, ili pasiwe na mtu anayelipishwa fikra za mtu mwingine. Hata hivyo ulibaki uonevu mmoja: mtu aliweza kuwa anashinda kwa akili akashindwa kwa sekunde. Bobby Fischer wa Marekani, aliyepata ubingwa wa dunia mwaka 1972, aliomba hataza ya saa ya namna mpya mwaka 1988, akaipata mwaka uliofuata. Saa hiyo humwongezea mchezaji muda kidogo kila anaposogeza, hivi kwamba anayecheza hata mwisho huwa na punje ya wakati ya kufikiria. Nilipolisoma jambo hilo nilijiona mjinga. Watu hao waliona saa ina kasoro, wakaitengeneza saa. Mimi niliona watoto wana kasoro.

Sina fundi wa saa hapa Kihonda, lakini chupa ya mchanga ina sifa moja ambayo saa ya ukutani haina: ukiilaza, husimama. Nikaweka kanuni mpya. Kila kundi litakuwa na chupa yake, na mtoto wa kuitunza awe mganga, ambaye kazi yake hapo awali ilikuwa ndogo. Wakati kundi linapojibu swali la kituo, chupa hulazwa. Swali likiisha kuandikwa, chupa husimamishwa, na hapo ndipo kundi hupatana, huhesabu kunde na kusogeza kizibo. Mchanga basi ukawa unakula uzembe na mabishano yasiyo na mwisho, haukuli tena hesabu. Ili kulaza chupa kusiwe maficho, kila swali lingejibiwa na mtoto tofauti kwa zamu, wenzake wakiruhusiwa kumweleza lakini si kumwandikia. Aidha niliondoa kumezwa. Kundi ambalo mchanga umelishia hubaki kituoni lilipo na kupoteza kunde moja, kisha chupa hupinduliwa na safari huendelea. Maana nilikumbuka kishindo cha ile kompyuta, na jinsi kazi ya saa nyingi ilivyofutwa kwa sababu moja.

Siwezi kusema kila kitu kilinyooka. Kutengeneza chupa tisa zinazolingana kulinichukua jioni tatu, na mbili kati yake hukwama mchanga ukipata unyevu wakati wa masika. Darasa lenye watoto zaidi ya mia litamshinda mwalimu mmoja kwa kanuni hizi, na mwanachuo asidanganywe kwamba atayaweza hayo katika juma lake la kwanza. Na mitihani yao, ya darasa la nne na la saba, ina muda uliopangwa ambao haulazwi na mtu yeyote. Kwa hiyo siku nyingine huwapa mazoezi ya haraka, ya hesabu za kichwa wanazozijua tayari, na huwaambia waziwazi kabla ya kuanza kwamba leo tunapima wepesi wa mkono.

Siku tuliyocheza kwa kanuni mpya, sikusema neno juu ya njia. Yule msichana alizihesabu kunde zake mara mbili kwa kidole, akakisogeza kizibo upande wa njia ndefu. Wenzake wawili walipinga. Mganga wa kundi lao alikuwa amesahau kuilaza chupa, na mchanga ulikuwa ukishuka. Msichana akanyosha mkono, akailaza yeye mwenyewe, kisha akaniangalia aone kama nitamkataza. Niligeuka nikafuta ubao. Walirudi Kihonda dakika chache kabla ya kengele, na mkononi hawakubakiwa na hata kunde moja.