Ada ya Dogo Nusura Iishie Kwenye Gemu

Haya mpenzi msomaji wangu, wiki hii sina umbea wa mtu. Umbea ni wangu mwenyewe, na bora niuseme mimi kabla jirani hajaniwahi.

Zamu yangu ya upatu ilifika. Shilingi milioni moja taslimu, bwana! Kwa kijana aliyeishia kidato cha nne, anayeganga njaa kwa uwakala wa kutuma pesa na vimakala kama hivi, milioni moja inakufanya hata salamu uitikie kwa mapozi. Lakini milioni ile ilikuwa na wenyewe. Laki nne na elfu themanini ni kodi ya chumba, maana mama mwenye nyumba wangu hajui habari ya mwezi mmoja mmoja, kwake ni miezi sita mkononi au ufungashe virago. Laki tatu na nusu ni ya dogo, mdogo wangu wa mwisho, miaka kumi na saba. Amepata nafasi chuo cha ufundi kusomea umeme wa majumbani, kwa hiyo kuna ada, ovaroli, buti na vifaa. Bi mkubwa yuko Korogwe, dogo kaniachia mimi. Iliyobaki ni unga na luku.

Hesabu imekaa vizuri, sivyo? Shetani naye akapiga zake.

Jumatano nikateremka Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kubadilisha kioo cha simu. Fundi akaniambia nisubiri nusu saa. Wewe msomaji, usimwambie mtu mwenye pesa asubiri nusu saa Kariakoo! Macho yakatua kwenye kabati la duka la pili. Ndani kuna dude jeusi, refu kama kibao cha kukatia vitunguu, kioo katikati, vijiti viwili vya kuelekezea juu, batani kila upande. Moyo ukaruka. Ilikuwa Steam Deck, kompyuta ya kuchezea gemu unayoishika mkononi.

"Shika kaka, kushika ni bure," muuzaji akasema. Hapo ndipo waliponimaliza. Ina uzito wa kama gramu 670, ukiishika unajua umeshika kitu. "Laki nane na nusu. Kwako saba na themanini. Na usidhani ni yuzdi ya mtaani, hii ni rifabishi."

Ngoja niwaeleze hilo neno, maana ndilo lililonilaza macho siku tatu. Mtumba wa kawaida unatoka kwa mwenyewe kama ulivyo, ukiwa na kikohozi chake chote. Rifabishi ni kitu kilichorudishwa kwa mwenye kukitengeneza, kikafunguliwa, kikarekebishwa, kikapimwa, ndipo kikauzwa tena kwa bei ya chini. Dude lenyewe lilianza kuuzwa Februari 2022, la gigabaiti 64 likiwa dola 399. Agosti 2023 kampuni ya Valve ikaanza kuuza yale yaliyorudishwa, dola 319 kwa hilo hilo. Wakasema kila moja linapitia vipimo zaidi ya 100, mikwaruzo ya juu inaweza kuwepo, lakini dhamana ni mwaka mzima kama jipya.

Tamu, eh? Sasa sikia uchungu wake. Valve hawatuuzii sisi Wabongo moja kwa moja. Dude likifika Aggrey limeshapita mikono ya watu, na ile dhamana ya mwaka imebaki huko huko lilikonunuliwa. Nikamuuliza muuzaji karatasi iko wapi. Akacheka. "Kaka, karatasi ya nini, mimi si nipo hapa? Likisumbua ndani ya wiki mbili niletee." Wiki mbili! Basi hiyo siyo rifabishi tena, msomaji. Huo ni mtumba uliopigwa pasi.

Lakini mtu akishapenda, chongo huita kengeza. Nilirudi Mwananyamala nikijipigia hesabu mpya ndani ya daladala. Mama mwenye nyumba nitamwangukia miguuni, nimpe miezi miwili kwanza. Dogo atasubiri mwaka ujao, bado mdogo yule. Halafu jamani, hili dude ni kompyuta kamili! Unachomeka kibodi na kioo kikubwa, unaandikia makala. Mimi makala zangu naandika kwa kidole gumba kwenye simu. Kwa hiyo sinunui gemu, nanunua kitendea kazi! Niliusema uongo huo mpaka nikauamini, na sikukumbuka kwamba hiyo kibodi sina, na hicho kioo kikubwa sina.

Ukweli ni mwingine. Nilipokuwa darasa la tano kulikuwa na banda la gemu nyuma ya soko, PlayStation mbili na televisheni za mgongo mrefu. Hela ya andazi yote iliishia pale. Nilichapwa na bi mkubwa mpaka jirani wakaja kuamua. Tangu enzi hizo nilijiapia, nikikua nitamiliki langu, nicheze mpaka nichoke, na hakuna mtu wa kuniambia muda umekwisha.

Alhamisi nikamfuata mshikaji wangu mmoja, fundi wa kompyuta, mtu asiyependa kupaka maneno sukari. Akaniuliza, "Unataka kucheza nini?" Nikamjibu, kwani kuna kingine? Mpira! Akatikisa kichwa. Lile dude linatembea kwa mfumo wake, SteamOS, ambao ni wa ukoo wa Linux. Gemu za mpira za EA, zile tulizozoea kuziita FIFA kabla hazijabadilishwa jina mwaka 2023, zina mlinzi wa kuzuia wezi wa ushindi, na mlinzi huyo hakubali mfumo ule. Ukitaka, uweke Windows mwenyewe, uanze kuhangaika. Nikaishiwa maneno. Laki saba na themanini, halafu mpira hamna!

Hakuishia hapo. "La gigabaiti ngapi?" Nikasema 64. Akacheka. Gemu kama Elden Ring peke yake inadai gigabaiti 60, na mfumo wenyewe nao unataka pa kulala. Utanunua memori kadi. Na hizo gigabaiti 60 utazishusha kwa bando la nani? Betri je? Kampuni yenyewe ilisema masaa mawili mpaka manane, na gemu nzito inakusogeza kwenye mawili. Hilo ni jipya. La mtumba, betri limeshachoka kidogo, na umeme wa kwetu unaujua tabia zake.

Ungedhani nilikoma. Wapi! Usiku nikawa bado naliona lile dude. Ndipo nikafanya kosa la kumwambia dogo.

Alikuwa anafua kwenye beseni. Nikamweleza kila kitu kwa furaha, kioo, vijiti, batani. Sikumwambia pesa inatoka wapi. Dogo si mjinga, anaijua milioni ile kwa mgawo wake. Akakamua shati, akalining'iniza, akauliza, "Kaka, tutacheza wawili?" Nikamwambia lina pedi zake humo humo, ni la mtu mmoja, labda tununue pedi nyingine na televisheni. Akanyamaza. Halafu akasema taratibu, bila hata kununa:

"Nunua tu kaka. Mimi nitaenda mwakani."

Msomaji wangu, ningefurahi kama angenitukana. Ningejua namna ya kujibu, mimi ndiye mkubwa. Lakini mtoto wa miaka kumi na saba, aliyekwisha nyoosha ovaroli la kuazima akajipima mbele ya kioo, ananiambia ninunue tu! Nilitoka nje nikajifanya naangalia luku. Bi mkubwa alinichapa kwa kula hela ya andazi langu mwenyewe. Hii ya sasa ilikuwa ya dogo, na nilikuwa naila nikiwa na ndevu.

Ijumaa asubuhi tulikwenda wote chuoni, tukalipa. Risiti nimeiweka ndani ya Kamusi. Kodi nayo nililipa jioni, mama mwenye nyumba akahesabu mara tatu. Jumamosi nikapita Aggrey kumwambia muuzaji ukweli, nisije nikamwekea bidhaa ya watu kiporo. "Haina noma kaka," akasema, "ukijipanga nipo." Dude bado lilikuwa kabatini. Sitakudanganya, nililiangalia mara mbili.

Jioni hiyo nikamchukua dogo hadi banda la gemu la mtaani, mia tano kwa mechi. Akanifunga nne kwa moja mbele ya watoto, wakanizomea mpaka nje. Muda ulikwisha, mwenye banda akatuambia tupishe wengine. Wala sikukasirika.

Sisemi msinunue. Mwenye nazo anunue, dude ni zuri. Ila uliza kwanza maswali manne. Aliyelitengeneza upya ni nani, na karatasi iko wapi? Gemu unayoitaka inacheza humo? Lina nafasi gani na betri lina hali gani? La nne, ambalo mimi nililiuliza mwisho badala ya mwanzo: hiyo pesa ni ya nani?

Mimi upatu wangu unarudi baada ya miezi kumi. Dogo anasema akimaliza kozi, yeye ndiye atakayetia cha juu. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.