Saa Moja ya Ndege

Ukiitazama ramani ya Ulaya utaona kwamba London na Paris zimeachana kwa kilomita 340 hivi, kwa mstari ulionyooka. Ndege huumaliza umbali huo kwa saa moja na dakika chache. Hapa Tanzania, kutoka Dar es Salaam hadi Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, ni kilomita 450 hivi, na ndege hutumia saa moja na ushei. Kwa hesabu hiyo, mtu wa Dar es Salaam na mtu wa Moshi ni majirani kama walivyo wa London na wa Paris.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila haijakamilika. Ndege haimchukui mtu mlangoni pake, wala haimshushi mlangoni kwa anakokwenda. Chukua mkazi wa hapa kwetu Balangdalalu, wilayani Hanang. Dar es Salaam iko kusini-mashariki mwetu, lakini anayetaka kupanda ndege huanza kwa kuelekea kaskazini: Katesh, Babati, Minjingu, Makuyuni, Arusha, kisha kilomita 50 hivi za njia ya Moshi. Ni kama kilomita 300 za barabara kwa ajili ya saa moja ya angani. Tena huenda akalala Arusha ili asiikose ndege ya asubuhi. Mwenzake aliyepanda basi la kupitia Dodoma siku ileile aliyoondoka yeye anaweza kumtangulia kufika, na nauli yake ni ndogo zaidi.

Wenzetu wa Ulaya nao wameliona jambo hili. Tangu mwaka 1994 treni za abiria hupita katika handaki chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Kutoka London hadi Paris hutumia saa mbili na robo hivi, zaidi ya muda wa ndege, lakini wengi huichagua treni kwa sababu hupandia katikati ya jiji na kushukia katikati ya jiji.

Ndiyo maana nasema kwamba kilichotusogeza karibu na Dar es Salaam ni lami, wala si ndege. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Mwaka 2024 treni ya umeme nayo ikaanza kwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Zamani, masika yakikolea, safari hiyo tuliihesabu kwa siku, na hata siku zenyewe hatukuwa na hakika nazo.

Jambo hili huwa zito panapotokea msiba. Mtoto aliye mjini hupiga simu: "Msizike, nakuja, ni saa moja tu ya ndege." Mama huamini. Kaburi limekwisha chimbwa, wazee wamekaa, wageni wanalishwa, jua linatua. Mtoto hufika kesho yake alasiri, na maneno huwa mengi. Hakuna aliyedanganya, ile saa moja ni ya ndege, si ya msafiri.

Basi, vijana wetu mlio mbali, wazazi wakiwauliza mtafika lini, hesabuni tangu mlango mnaoufunga hadi mlango mtakaobisha hodi.