Kukosoa Wimbo Si Kuuiba

Watu wangu, leo nina jambo. Nilitoa video ya dakika sita nikiuchambua wimbo mmoja unaopigwa kwenye matatu zote za Mtwapa kwenda Mombasa. Nilicheza sekunde kumi na mbili za kiitikio, nikamtaja msanii, nikaweka na linki mtu aende akausikize huko kwake. Kulala kuamka, video haiko. Eti hakimiliki.

Ikabidi niisome sheria yenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakubali utumie kazi ya mtu, kwa kiasi cha haki, ukiwa unakosoa, unahakiki ama unaripoti habari za sasa, bora utaje chanzo. Sasa mimi nilifanya nini kingine? Marekebisho ya 2019 yakaongeza ilani ya kuondoa: mwenye kazi analalamika, wewe unapewa nakala, na usipopinga, kazi inafungwa ndani ya saa 48 za kazi. Yaani una haki ya kupinga! Na anayetuma ilani ya uongo anatenda kosa. Hapa Mtwapa ni wangapi wanajua hilo?

Shida ni kwamba mitandao mikubwa ina mashine zake, na mashine haijui uhakiki. Inasikia wimbo tu, basi.

Ulaya waligombania jambo hili hili mwaka huo huo. Machi 2019 vijana wa Ujerumani walijaa barabarani kuzipinga hizo mashine, na siku chache baadaye Bunge la Ulaya likapitisha sheria kwa kura 348 dhidi ya 274. Walishindwa, lakini si patupu: kunukuu, kukosoa na kuigiza kwa mzaha vimelindwa humo kwa maandishi. Magazeti yakapewa haki ya kudai malipo habari zao zikitumiwa na mitandao, lakini linki ikaachwa huru. Sisi marekebisho yetu yalipita kimya. Nani aliandamana?

Sisemi wasanii wasilipwe, jamani. Beshte yangu anarekodi hapa hapa, na mtu akipakia wimbo wake mzima kwa jina lingine, huo ni wizi, tutapigana naye pamoja. Lakini linki inampelekea wasikilizaji. Sekunde kumi na mbili haziwezi kumnyima hata shilingi.

Pingamizi langu nimelituma jana usiku. Na wewe uliyewahi kutolewa video hivi: ulipinga, ama uliacha tu?