Ngozi ya Dubu

Msomaji, katika mchezo wa intaneti uitwao World of Warcraft, uliotolewa Marekani mwaka 2004, yumo kuhani wa msituni aitwaye druidi. Huyu aweza kujigeuza dubu, akasimama mbele ya wenzake wanne na kupokea mapigo ambayo yangewaua. Dubu hashiki ngao. Tegemeo lake ni ngozi na wingi wa uhai.

Katika mchezo wa asili, uliofunguliwa tena mwaka 2019, afikapo daraja la 60 huwa amepewa pointi 51 za vipaji, basi. Wengi hukimbilia ngozi nene: pointi 5 huongeza kwa asilimia 10 kinga itokanayo na mavazi. Sikikatai kipaji hicho. Lakini mimi hutanguliza silika ya mwitu, ambayo kwa pointi 5 huzidisha kwa asilimia 15 hasira ya adui juu ya dubu. Adui humwandama amchukiaye zaidi. Dubu asiyechukiwa hubaki mzima, hana hata mkwaruzo, na huko nyuma tabibu anararuliwa. Tabibu akifa, waliosalia hawakawii kumfuata. Nialikwapo na dubu wa namna hiyo, huuliza kwanza ni nani aliyekubali kuwa tabibu wake.