Tumekupa, Lakini Imekatwa

Kuna dada mmoja ambaye Wakenya wote tunamjua kwa sauti na karibu hakuna anayemjua kwa uso. Ukipiga simu iliyozimwa, yeye ndiye anayeshika: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Ameyasema hayo kwa utulivu uleule miaka nenda miaka rudi, mpaka neno lenyewe likabadilika maana mtaani. Leo ukisema hapa Voi kwamba jamaa fulani ni mteja, hakuna atakayefikiria duka. Watajua simu yake imezimwa, au anakukwepa, au ana deni lako.

Huyo dada ndiye mfano ninaotoa watu wakiniuliza mimi hufanya kazi gani. Naandikia kampuni. Kazi yangu ni kuhakikisha kampuni ikifungua mdomo mara mia, mara zote mia inasikika kama mtu mmoja. Wenye taaluma wanaiita sauti ya chapa. Mamangu anaiita "ile kazi ya simu", na sijawahi kumsahihisha kwa sababu mara nyingi naifanya kwa simu kweli, laptopu ikiwa kwa fundi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama. Hapo hakuna stori kubwa. Nilirudi nyumbani Mwakingali, nikaanza kuandikia duka moja la nguo posti za Instagram, kisha agrovet, kisha kambi ya watalii nje ya mji, kisha Sacco. Sasa nina wateja watatu wanaolipa kila mwezi na wawili wanaolipa wakikumbuka.

Voi ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi hii, kwa sababu ni mji wa kupitia. Barabara ya Mombasa iko hapa, njia ya kwenda Mwatate na Taveta mpaka Tanzania inachepukia hapa, na tangu 2017 treni ya SGR inasimama hapa. Watu wanashuka, wanakula, wanaondoka. Biashara ina dakika chache tu za kumwambia mgeni yeye ni nani, kwa hivyo kila ukuta unapiga kelele. Kuna hoteli moja ninayokula chapati. Ubao wa nje unasema "Karibuni wateja wetu wapendwa". Menyu iko kwa Kiingereza cha hoteli ya kitalii. Pale kwa keshia kuna karatasi: "Deni ni kesho". Hiyo ni midomo mitatu kwa hoteli moja. Na mwenye hoteli mwenyewe, ukimsikiliza, ana sauti moja tu, ya utani na ya haraka, na ndiyo inayorudisha watu pale. Kwenye maandishi yake haimo hata kidogo.

Ukitaka kuona kampuni iliyoshika sauti yake, angalia simu yako. M-Pesa ilianza Machi 2007, M-Shwari ikaja 2012, Fuliza 2019. Sasa weka majina ya Safaricom kwa mstari mmoja: Sambaza, Okoa Jahazi, Bonga, Lipa na M-Pesa, Fuliza. Karibu yote ni vitenzi. Yote yanamwambia mtu mmoja, wewe, ufanye kitu. Hakuna "huduma ya mikopo ya muda wa maongezi". Kuna jahazi linazama na wewe unaambiwa uliokoe. Bonga ni neno la mtaani, Fuliza ni Kiswahili sanifu, lakini ukiyasikia pamoja unajua ni nyumba moja. Na angalia ujanja wa hilo la mwisho. Kufuliza ni kuendelea bila kukoma. Neno deni halimo kabisa kwenye jina, na bado kila mtu anajua ukifuliza unadaiwa.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo limenisumbua tangu wakati huo. Sauti inayofanana kila siku inaweza kuwa uso wa kampuni. Inaweza pia kuwa kinyago. Utajuaje ni ipi?

Kwa wateja wangu huwa naandika mwongozo wa ukurasa mmoja. Ukizidi ukurasa mmoja hakuna anayeusoma, hata bosi mwenyewe. Juu naweka maneno matatu ya tabia, kama vile "mtulivu, wazi, jirani". Chini yake naweka mambo madogo madogo, na hayo ndiyo yanayofanya kazi. Je, msomaji ni wewe au ni nyinyi? Ni mteja, mwanachama au mgeni? Tunaanza na hujambo, habari, au tunaingia moja kwa moja? Ni sh, KSh au bob? Sheng inaruhusiwa, na kama ndiyo, mpaka wapi? Agrovet tuliamua hapana, kwa sababu mkulima wa Wundanyi wa miaka sitini akiambiwa "dawa iko fiti" atauliza kama inauzwa na watoto. Mtu yeyote wa ofisi anaweza kufuata orodha hiyo hata nikiwa mteja, kwa ile maana ya mtaani.

Halafu kuna suala la toni, na wengi wanalichanganya na sauti. Mamangu ana sauti moja. Akinipigia kunipa pole na akinipigia kuuliza kama nimelipa stima, ni yeye yuleyule, lakini hazungumzi sawa. Kampuni nyingi zinafikiri kuwa na sauti moja ni kuchangamka kila saa. Matokeo yake ni kampuni inayokuambia umekosa mkopo na kuweka alama tatu za mshangao.

Ile kambi ya watalii ilinifundisha hili vizuri. Sauti yake ni nyepesi, ya kutaniana na mgeni. Bidhaa yake kubwa ni ndovu wekundu wa Tsavo, ambao wekundu wao ni vumbi la udongo wa huku wanalojipaka. Kuwaandika ni rahisi. Lakini mimi ni mtu wa hapa. Takriban asilimia 62 ya kaunti yetu iko ndani ya mbuga za Tsavo, na ndovu hawasomi ramani. Mjomba wangu analima upande wa Sagalla, ambako wakulima kadhaa wamezungusha mashamba yao uzio wa mizinga ya nyuki kwa sababu ndovu huogopa nyuki. Yeye hana mizinga. Msimu mmoja alilala na mahindi, akaamka na nyayo.

Basi wageni wa kutoka Nairobi wakawa wanauliza kwenye WhatsApp ya kambi kama ndovu ni hatari. Niliandika: "Ukiwa ndani ya gari, ni wazuri kuliko picha yoyote. Ukiwa mkulima usiku wa manane, ni stori ingine. Kwa hivyo hapa kwetu hakuna kutembea gizani bila askari wetu." Nilijua ingeweza kukataliwa. Mwenye kambi alisoma, akacheka kidogo, akasema iache hivyo. Ilikuwa bado sauti yao, nyepesi, lakini ikiwa imebeba kitu kizito. Nikaona inawezekana.

Kwa Sacco haikuwa rahisi hivyo.

Siku niliyopewa kazi ya Sacco niliomba ujumbe wote waliowahi kuwatumia wanachama kwa miaka miwili. Nilikaa na daftari nikaupanga kwa mafungu: wa furaha huku, wa kuudhi kule. Nilikuwa natafuta salamu na tahajia. Nilichokiona ni kingine. Wa furaha ulisema: tumekupa mkopo, tumeongeza riba ya akiba yako, tumekuandalia zawadi. Wa kuudhi ulisema: akaunti yako imekatwa, ada imeongezwa, ombi lako limekataliwa, unajulishwa, unatakiwa, unaombwa.

Mwalimu wetu wa Kiswahili sekondari alitufunza kauli ya kutendwa kama kitu cha mtihani. Hakutuambia kwamba ni mahali pa kujificha. Kiherufi kimoja tu, w, na aliyefanya jambo ametoweka. Anayetoa yupo na ana jina, sisi. Anayekata hayupo. Imekatwa tu, kama mvua iliyonyesha. Hiyo Sacco ilikuwa na salamu moja, rangi moja na nembo moja, lakini ilikuwa na watu wawili ndani yake: mkarimu anayejitambulisha, na mwingine anayeingia kwa mlango wa nyuma.

Niliongeza mstari mmoja kwenye mwongozo: tunachofanya, tunasema tumefanya sisi. Meneja, ambaye wote tunamwita Madam, aliupitisha bila shida. Ulikuwa mwezi mzuri.

Miezi michache baadaye gawio likachelewa. Lilikuwa limeahidiwa Ijumaa, na Jumanne jioni Madam akanitumia maandishi ya kamati ili niyanyooshe: "Mpendwa mwanachama, unajulishwa kuwa kutokana na sababu zisizoepukika, malipo ya gawio yamesogezwa hadi tarehe itakayotangazwa. Usumbufu wowote unasikitikiwa."

Isome tena ile sentensi ya mwisho. Nani anasikitika?

Nilimrudishia hii: "Hujambo. Tulikuahidi gawio Ijumaa hii. Hatutaweza kulipa Ijumaa, kwa sababu pesa za mikopo tulizotarajia mwezi huu hazijaingia zote. Tutalipa kufikia tarehe 30. Tunaomba radhi. Ukiwa na swali, piga simu au uje ofisini."

Madam alinipigia papo hapo. "Hii siwezi kutuma. Ukiwaambia watu hatutaweza, kesho wote watakuja kutoa akiba zao."

"Madam, wakisikia kwa stage ya matatu watakuja vilevile. Na watakuja na stori mbaya zaidi."

"Wewe ni mwandishi, si mwenyekiti."

Alikuwa na haki, na hofu yake haikuwa ya uongo. Sacco ndogo ikikimbiliwa na wanachama wake siku moja inaweza kuanguka hata kama vitabu vyake ni safi. Mimi nilikuwa na malipo ya mwezi ya kupoteza. Yeye alikuwa na pesa za watu wengi. Lakini mmoja wa watu hao ni mamangu mdogo, anayeshukisha mboga kutoka milimani kila siku ya soko na kuweka mia mbili hapa, mia tatu pale. Gawio hilo alikuwa ameshalipangia mabati. Nilijaribu kumfikiria akisomewa "sababu zisizoepukika" na mtoto wa jirani. Angeelewa kila neno na asijue chochote.

Madam aliyapeleka maandishi yote mawili kwa mwenyekiti, mwalimu mstaafu. Niliambiwa aliyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine, halafu akaondoa sentensi yangu ya mikopo kwa kalamu na kuacha mengine yote. Ndivyo ulivyotumwa. Hatutaweza ilibaki. Tarehe ilibaki. Sababu iliondoka.

Asubuhi yake foleni ilikuwepo. Kuna waliotoa akiba, na kuna mzee aliyefoka mpaka askari wa mlangoni akamletea kiti. Wengi walitaka kuhakikishiwa tarehe, na wote waliuliza sababu, ile ile tuliyoifuta, kwa hivyo karani aliishia kuieleza kwa mdomo siku nzima. Mamangu mdogo hakwenda. Nilimuuliza kwa nini. "Si wamesema wenyewe hawana? Nikienda nitafanya nini, nikawatazame?" Kisha akaniuliza ni nani siku hizi anawaandikia, maana zamani ujumbe wao alikuwa hauelewi. Nikasema simjui.

Gawio lililipwa tarehe 29.

Siwezi kuapa kwamba sentensi zangu ndizo zilizopunguza foleni. Ninachojua ni kwamba tarehe 29 ile Sacco ilipoandika "tumekulipa", kulikuwa na mtu nyuma ya neno hilo, yuleyule aliyesema hatutaweza. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijaangalia salamu wala koma za mteja yeyote, natafuta ujumbe wake mbaya kuliko wote na kuuliza kila kitenzi: nani? Ukifanya hivyo na ujumbe ulio kwenye simu yako sasa hivi, wa mwenye nyumba, wa benki, wa shule, utaona haraka ni nani anayezungumza nawe na ni nani anayekupitia pembeni.

Wiki hii Sacco inapandisha ada ya kila mwezi. Nimewaandikia "tumeongeza ada kwa shilingi hamsini" na sababu nimeiweka mstari wa pili, ambako ni vigumu kuifuta bila kuharibu wa kwanza. Madam ameuona tangu jana. Tiki mbili za buluu, na bado kimya.