Hesabu Iliyonituliza

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Tosamaganga, mkoani Iringa. Nilikwenda kuchangia damu nikiwa mzima kabisa, nikaambiwa nina homa ya ini B. Baada ya vipimo zaidi, daktari alinianzishia tenofoviri, kidonge kimoja kila siku, akanieleza kwamba huenda nikakimeza kwa miaka mingi. Moyo ulikuwa mzito. Niliona nimehukumiwa kifungo kisicho na tarehe ya kutoka.

Kilichonigeuza ni hesabu. Mwaka 1996, mtafiti Martin Nowak na wenzake walichapisha modeli ya kihisabati iliyotokana na vipimo vya wagonjwa wa homa ya ini B waliotumia dawa ya lamivudini. Waligundua kwamba dawa ikizuia uzalishaji wa virusi, vile vilivyomo kwenye damu hupungua nusu kwa siku moja hivi. Seli zinazovizalisha hukawia: huchukua kati ya siku 10 na 100 kupungua nusu, kila mgonjwa na kiwango chake.

Nikashika chaki. Virusi 1,000,000, vikipungua nusu kila siku, siku ya 10 havifiki 1,000. Lakini seli zinazohitaji siku 100 kupungua nusu, mwaka ukiisha bado zimebaki 8 hivi katika kila 100. Tena ndani ya kiini cha seli, virusi huacha kiolezo cha vinasaba ambacho tenofoviri haikiondoi. Dawa ikiachwa, kiolezo hicho huweza kuanza upya kuzalisha virusi, grafu ya virusi ikapanda, na ini likaumia vibaya.

Tangu siku hiyo kila kidonge nakimeza nikijua kazi yake: kinaushikilia mstari wa grafu ile chini, ini langu lipate nafasi ya kupona. Vipimo vikisema virusi havionekani, namshukuru Mungu, na jioni nameza dawa kama kawaida. Mke wangu alipima, akakutwa salama, akachanjwa. Wanetu walikwisha kuchanjwa wangali wachanga, kwa chanjo ambayo Tanzania inaitoa kwa watoto tangu mwaka 2002.

Ndugu yangu, kama hujapima, nenda kapime. Kama umeanzishiwa dawa, usiiache kwa sababu tu unajisikia vizuri. Mwulize daktari wako kwanza. Huo uzima unaousikia huenda ukawa ni matunda ya dawa.