Ngoma Isiyosubiri Mgeni Rasmi

Kwa miaka mingi nilicheza ngoma huku Ikungi, Singida, nikimsubiri mgeni rasmi. Akichelewa, tunakaa juani na njuga miguuni. Akifika, tunapewa dakika tano, kisha mshereheshaji anatushukuru na hotuba zinaanza. Mwisho wa yote ni soda na posho. Niliamini mcheza ngoma ni pambo la shughuli ya mwenzake. Hata nilipokwenda kusoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981, nia yangu ilikuwa nipate cheti, niajiriwe hotelini, niwatumbuize watalii.

Aliyenigeuza sijawahi kuonana naye: Faustin Linyekula, Mkongo aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974. Mwalimu mmoja alituwekea video ya onyesho lake la mwaka 2011, Le Cargo. Nilitegemea mbwembwe. Nikamwona mtu yuko peke yake jukwaani, anasimulia, anacheza, anarudi kusimulia: amekwenda Obilo, kijiji alichoishi utotoni, kuzitafuta ngoma za huko. Hakuwa anampamba mtu. Alikuwa na neno lake, na mwili ndio uliolibeba.

Nikaifuatilia njia yake. Chuo kikuu kilipofungwa kwao Zaire, Kongo ya leo, alikwenda Nairobi, na mwaka 1997 akaanzisha kundi la Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Majukwaa ya Ulaya yakamfungukia. Angeweza kuhamia huko moja kwa moja, lakini mwaka 2001 alirudi Kinshasa na kuanzisha kituo cha sanaa, Studios Kabako. Baadaye akakipeleka Kisangani, mji ambao majeshi ya Rwanda na Uganda yaliugeuza uwanja wa vita Juni 2000. Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi aliipata mwaka 2007, akiwa ameshaweka kambi nyumbani.

Hoteli ikanitoka moyoni. Nikarudi Ikungi na kuwakusanya vijana. Siku hizi, kabla ya mazoezi, tunakwenda kwanza kwa wazee: ngoma hii ilichezwa lini, nani aliruhusiwa kuiingia, kwa nini iliachwa? Tunachokipata tunakiunganisha na maisha tunayoyaona, kama ya mabinti wa Singida wanaopanda basi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Tulipocheza onyesho la mabinti hao mara ya kwanza, uani kwa mzee mmoja, akina mama waliingilia kati wakabishana nasi. Mmoja alisimama kutuonyesha jinsi binti anavyoinama anapoitwa na mwenye nyumba. Tukalibadilisha onyesho palepale, na mpaka leo tunainama hivyo.

Tukiitwa kumpokea mgeni, bado tunakwenda, maana posho ni posho. Ila waandaaji tunawaambia mapema: onyesho letu ni la dakika ishirini, na halina wimbo wa kumsifu mtu.